Halcyon: kutoka opera ya vichimbakazi hadi mashine ya mionzi

Ndiyo, nimepotea. Mlioniuliza kama nimeacha kuandika, jibu ni la. Nilikuwa hospitalini. Si mimi mgonjwa. Mama aligunduliwa kuwa na saratani ya titi mwaka jana, akafanyiwa upasuaji, akamaliza dawa zile za kumwaga nywele, na baada ya hapo akapangiwa vipindi 15 vya mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tatu mfululizo. Kazi yangu naweza kuifanya popote penye kiti na chaji, kwa hiyo ndugu zangu wakakubaliana kwa kauli moja kwamba mimi ndiye wa kumpeleka. Hiyo ndiyo faida ya kusomea kompyuta: ukoo mzima huamini huna kazi.

Kipindi chenyewe cha mionzi ni dakika chache tu. Kinachokula siku ni kusubiri. Basi siku ya pili nimekaa kwenye benchi, tarakilishi mapajani, mbele yangu kuna mlango mzito, na kando ya mlango wamebandika karatasi yenye jina la mashine iliyo ndani: Varian Halcyon. Mimi nikiona jina la mashine siwezi kulala bila kujua limetoka wapi. Nikatafuta. Nilitarajia kupata mwongozo wa fundi na bei ya kutisha. Kumbe nikajikuta kwenye kijiji kidogo cha California, nyumbani kwa mshairi mmoja wa Kiayalandi, nikisoma habari za opera ya mwaka 1917 kuhusu miungu ya bahari. Na kutoka hapo nikafika kwa mtu aliyeingiza mikono ndani ya piano ili atoe sauti ya kichimbakazi. Hiyo ndiyo hadithi ya leo. Chukueni chai.

Kwanza hilo neno. Kamusi zetu zinalo neno kichimbakazi, ingawa wengi wetu hatulitumii tena. Ni kile kiumbe cha hadithi, si mtu, si malaika, si jini kamili, ambaye Ulaya humchora siku hizi kama kibinti chenye mabawa ya kipepeo. Huyo mwenye mabawa msahauni. Vichimbakazi wa Ayalandi ya zamani ni watu wazima, wa kimo chetu au kutuzidi. Waliishi kwenye vilima, na kilima hicho kwa Kiayalandi huitwa sí. Nchi ilikuwa yao kabla ya binadamu kuja, wakashindwa vita, wakaingia chini ya ardhi wakabaki huko. Watu waliwaogopa kiasi cha kutowataja. Walisema tu "watu wema", kama ambavyo sisi nasi kuna majina hatupendi kuyatamka usiku.

Mashairi yao ni ya kale kwelikweli. Kuna utungo unaosimulia safari ya Bran, ambao wataalamu huuweka karne ya 7 au ya 8. Ndani yake Bran yuko baharini na jahazi lake, akakutana na Manannán, mwenye bahari, anayepita juu ya maji akiendesha gari la farasi. Manannán anamwimbia. Anamwambia kwamba hicho unachokiona wewe ni bahari, kwangu mimi ni uwanda uliojaa maua; samaki unaowaona ni ndama na wana-kondoo. Nilisoma hapo nikasimama kidogo. Mtu wa karne ya 8 alishaandika kwamba data ni moja ila skrini ni mbili.

Turudi kwenye muziki. Wanamuziki wa Ulaya walipenda vichimbakazi tangu zamani. Mwaka 1826 Felix Mendelssohn, akiwa na miaka 17 tu, aliandika utangulizi wa tamthilia ya Shakespeare ya ndoto ya usiku wa kiangazi: kodi nne za taratibu za vyombo vya kupuliza, halafu fidla zinaanza kukimbia juu juu, upesi na kwa sauti ndogo, kama sisimizi kwenye sufuria. Mwaka huohuo Carl Maria von Weber, akiwa anaumwa kifua kikuu, alisafiri hadi London kusimamia opera yake Oberon, habari za mfalme wa vichimbakazi, akafia hukohuko mwezi Juni. Alikuwa anatafuta pesa ya kuiachia familia yake. Muziki wote huu ni mzuri, lakini angalieni walivyofanya: kichimbakazi akawa mdogo, mwepesi, anakaa kwenye noti za juu. Njia hiyo ilifuatwa miaka mia moja. Ukitaka kiumbe wa ajabu, punguza uzito.

Sasa tuvuke bahari hadi California, kwa Henry Cowell.

Cowell alizaliwa tarehe 11 Machi 1897 huko Menlo Park. Ndiyo, Menlo Park hiyohiyo ambayo leo ina makao makuu ya Meta, lakini wakati ule ilikuwa mashamba. Baba yake alitoka Ayalandi. Mama yake, Clarissa Dixon, alikuwa mwandishi, na wote wawili walikuwa watu wasiopenda serikali wala shule. Waliachana mtoto akiwa mdogo. Tetemeko la San Francisco la mwaka 1906 likawafukuza Clarissa na mwanawe, wakatangatanga kwa ndugu majimbo mengine kabla ya kurudi. Shule Henry hakuenda kwa maana. Alichunga ng'ombe, alifagia majengo, alichimba mimea ya porini akauza. Profesa mmoja wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Lewis Terman, alivutiwa na kijana huyu mchafumchafu mwenye akili ya ajabu akampima. Piano aliipata akiwa tayari kijana, na kwa kuwa hakuna aliyemfundisha yapi ni makosa, alianza kupiga noti nyingi jirani kwa mpigo mmoja, kwa ngumi, kwa kiganja, kwa mkono mzima kuanzia kiwiko.

Mwaka 1914 akaanza kwenda kwa Charles Seeger, mwalimu wa muziki wa chuo kikuu cha Berkeley. Kisha mwaka 1916 mama yake akafa. Saratani ya titi.

Niliposoma hapo nilifunga tarakilishi nikaenda kununua maji ambayo sikuwa na kiu nayo.

Tuendelee. Kusini kidogo kwenye pwani ya California kuna kijiji kinaitwa Halcyon. Kilianzishwa mwaka 1903 na kikundi cha watu wa theosofia waliotoka Syracuse, New York, wakiongozwa na daktari William Dower na mwanamke aliyeitwa Francia LaDue. Theosofia ni mchanganyiko: kidogo dini za Asia, kidogo sayansi, kidogo mizimu, na imani kwamba ulimwengu wote chini kabisa ni mtetemo. Unaweza kucheka. Mimi nilicheka. Lakini kumbukeni ule ulikuwa wakati wa redio changa na eksirei, na mtu wa kijijini akiambiwa kuna mawimbi yasiyoonekana yanayopita ukutani, hakuwa na sababu ya kujua lipi ni la fizikia na lipi ni la uganga.

Hapo Halcyon aliishi John Varian, mzaliwa wa Ayalandi, maskini wa pesa na tajiri wa hadithi. Aliandika mashairi na michezo kuhusu miungu na watu wa vilimani wa nchi yake, akiyachanganya na theosofia yake. Si yale mashairi ya karne ya 8 kama yalivyo. Ni kama fundi anayechukua msimbo wa zamani akauandika upya kwa lugha anayoijua, na wenye ujuzi wa Kiayalandi cha kale wangeona alipochakachua. Alimpenda kijana Cowell, akampa kazi: tia muziki kwenye opera yangu. Ikaitwa The Building of Banba, Banba likiwa jina la zamani la Ayalandi. Ilichezwa hapohapo kijijini mwaka 1917, kwenye mkutano wa mwaka wa jumuiya yao. Cowell alikuwa na miaka 20, na mama yake hajatimiza miaka miwili kaburini.

Utangulizi wa opera hiyo ndio kipande kinachoitwa The Tides of Manaunaun. Ni yule Manannán wa Bran, kwa tahajia ya Varian. Katika masimulizi ya Varian, kabla hakujawa na kitu, Manaunaun alituma maji kujaa na kupwa huku na huku katika ulimwengu mzima, akiyatikisa yale mavumbi madogo ambayo miungu wangeyatumia kutengeneza jua na nyota. Hebu fikiria wewe ni mtunzi, una piano moja, umeambiwa utoe sauti hiyo. Fidla za Mendelssohn zitakusaidia nini? Cowell akaweka mkono wake wa kushoto wote juu ya noti za chini kabisa, takriban oktavi mbili kwa mpigo mmoja, akaubonyeza taratibu, huku mkono wa kulia ukipiga wimbo wa kawaida, wa Kiayalandi, ambao hata bibi yako angeuimba. Ile ngurumo ya chini haina noti unayoweza kuitaja. Inajaa, inapwa. Aliyewahi kukaa ufukweni wakati wa bamvua anaijua.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba alikiandika kipande hicho mwaka 1912, akiwa na miaka 15. Mwanahistoria Michael Hicks alichunguza akaonyesha kuwa ni cha opera ya 1917. Mimi tarehe hiyo ya pili naipenda zaidi, hata kama inamwondolea sifa ya utoto wa maajabu. Inaonyesha kwamba noti zile za kiwiko, ambazo hapo mwanzo zilikuwa utundu wa kijana asiye na mwalimu, zilipata kazi ya kufanya siku alipopewa shairi lililodai sauti isiyokuwepo. Wanaoandika programu watanielewa. Unaweza kuwa na funksheni umeiandika zamani kwa kujifurahisha, imekaa tu, mpaka siku anakuja mteja na ombi la ajabu nayo ndiyo jibu.

Na kuhusu wateja, hapa kuna hadithi ya Varian ambayo lazima niwape. Inaitwa The Voice of Lir, nayo Cowell aliitilia muziki wa piano. Lir ni baba wa miungu, naye ana nusu ulimi tu. Alipotoa maagizo ya kuumba ulimwengu, miungu wasaidizi walielewa nusu ya alichosema. Wakaumba hiyo nusu. Ndiyo maana kila kilichopo kina mwenzake ambaye hakuumbwa, amefichika, ni ile nusu ya mpango isiyosikika. Jamani! Miaka mitano niko kazini na sijawahi kusikia maelezo bora ya jinsi mfumo unavyojengwa kwa mkutano mmoja wa simu wenye mtandao mbovu.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia Cowell akaenda Ulaya kupiga muziki wake. Leipzig mwaka 1923 watu walipigana ukumbini hadi polisi wakaingia, yeye akaendelea kupiga. Béla Bartók alimwomba ruhusa ya kutumia vishada vyake vya noti, adabu ambayo sisi wa leseni huria tungeweza kujifunza. Lakini ninachotaka mkisikie ni cha mwaka 1925, kinaitwa The Banshee.

Banshee kwa Kiayalandi ni bean sí, mwanamke wa kilimani. Ni kichimbakazi anayekuja nyumba fulani pale mtu wa ukoo huo anapokaribia kufa, analia. Cowell alieleza kwamba anakuja kuichukua roho, na analia kwa sababu kukaa huku kwetu kunamtesa; hanyamazi mpaka arudi kwao. Kwa hiyo haumizwi na kifo. Anaumizwa na ulimwengu wetu. Wazo hilo limenikaa kichwani wiki tatu nzima.

Kinavyopigwa ni hivi. Unahitaji piano kubwa ya kulala na watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti, anakanyaga pedali ya kuachia nyuzi zote, wala hagusi noti hata moja. Mwingine anasimama pale kiunoni mwa piano, anaingiza mikono ndani, anapangusa nyuzi zenyewe. Anapita kwa kucha, anapita kwa nyama ya kidole, kwa urefu wa uzi au kukatisha, wakati mwingine anadonoa. Karatasi ya muziki imejaa herufi, na mwanzoni kuna orodha inayoeleza kila herufi maana yake ni kufanya nini. Niliiona nikacheka peke yangu: jamaa ameandika maktaba ya funksheni, halafu akaziita moja moja.

Mbona inasikika kama kilio cha mtu? Nyuzi za chini za piano si laini. Ni chuma kilichozungushiwa waya wa shaba, mzunguko juu ya mzunguko, ili uwe mzito. Ukipitisha kucha kwa urefu wake, kucha inaruka juu ya kila mzunguko, kama unavyopitisha kucha kwenye zipu ya jaketi. Ukienda haraka sauti inapanda, ukienda polepole inashuka. Basi mpigaji ana kitu ambacho piano haijawahi kuwa nacho, sauti inayoteleza bila ngazi, kama koo. Na kwa kuwa pedali imekanyagwa, nyuzi nyingine zote, mia mbili na kitu, ziko huru, zinaitikia kwa mbali. Hakuna umeme. Mtu akikusikilizisha bila kukwambia utaapa ni kompyuta.

Kuna kingine cha mwaka 1929, The Fairy Answer, kulingana na masimulizi ya bonde ambalo ukipiga muziki wako vichimbakazi wanakujibu, na jibu lao si mwangwi wako bali wimbo wao. Mpigaji anapiga kwenye vitufe, halafu anajibiwa kutoka kwenye nyuzi. Piano moja, nchi mbili. Ni ileile bahari na uwanda wa maua, ukiniuliza mimi.

Miongoni mwa waliomfuata Cowell kusoma kwake alikuwa John Cage, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1930 alianza kuweka skrubu na vipande vya mpira katikati ya nyuzi za piano, na alisema wazi kwamba alikumbuka alivyomwona Cowell akifanya kazi ndani ya piano. Kutoka kwa Cage njia ni pana, inafika kwa hawa wote wanaoweka maonyesho ya sauti kwenye majumba ya sanaa leo. Wengi wao hawajui kwamba mlango ule ulifunguliwa na maombolezo ya mwanamke wa kilimani.

Ngoja niweke kidogo hapa habari ya mashine, maana ndicho mnachonijia. Cowell alikuwa na wazo kwamba mwendo na sauti ni kitu kimoja. Noti mbili zikiwa na uwiano wa 3 kwa 2 sikio husikia zinapatana. Mapigo yakiwa 3 kwa 2 unapata ule mpishano ambao mpiga ngoma yeyote wa hapa kwetu anaujua tangu utoto. Akamwomba Leon Theremin, Mrusi aliyekuwa New York, amtengenezee chombo. Kikaitwa Rhythmicon, kikaonyeshwa Januari 1932. Kitufe cha kwanza kinapiga pigo moja, cha pili mawili ndani ya muda uleule, hadi cha 16, na kila kimoja kina noti inayopanda kwa uwiano huohuo. Ndani kulikuwa na taa, sahani zenye matundu zinazozunguka, na seli za kuhisi mwanga. Ni babu wa mashine zote za ngoma. Niliandika yangu ndani ya kivinjari nikiwa pale kwenye benchi, mistari isiyozidi hamsini. Theremin angenipiga kofi.

Maisha ya Cowell hayakwenda vizuri. Mwaka 1936 alikamatwa California kwa shtaka la maadili, akakaa San Quentin karibu miaka minne, akifundisha muziki mamia ya wafungwa. Aliachiwa 1940, akasamehewa na gavana mwishoni mwa 1942, akafa mwaka 1965. Waliomsikia kabla na baada wanasema moto ulipungua. Siwezi kumlaumu.

Sasa Varian. Yule mshairi John Varian alikuwa na watoto waliokulia Halcyon. Russell, mkubwa, alikuwa mzito wa kusoma hivi kwamba wengi walimdhania mjinga, na Cowell alikuwa rafiki yake. Sigurd akawa rubani. Russell alipambana akasoma fizikia Stanford. Mwaka 1937 ndugu hawa wawili walipatana na chuo hicho: wapewe chumba, dola 100 za vifaa, na haki ya kuwauliza maprofesa maswali, na chuo kipate nusu ya mapato ya uvumbuzi wowote. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa na klistroni.

Klistroni ni bomba la kutengeneza na kukuza mawimbi mafupi ya redio. Inafanya hivi: unarusha elektroni kwa mkondo uliotulia. Njiani unazipitisha kwenye chumba kinachozisukuma baadhi na kuzirudisha nyuma nyingine. Zilizoharakishwa zinazifikia zilizocheleweshwa, zinajikusanya mafungumafungu. Mafungu yakifika chumba cha pili yanapiga kama mawimbi yanavyopiga ufuo, moja baada ya jingine, na nguvu yao inavunwa hapo. Si mimi ninayelazimisha mfano wa bahari. Jina klistroni walipewa na profesa wa Kigiriki wa hapohapo Stanford, kutoka kitenzi kinachohusu mawimbi kupiga ufuo. Mwana wa mtu aliyeandika kwamba Manaunaun alitikisa mavumbi ya ulimwengu kwa maji kujaa na kupwa, akatikisa elektroni kwa njia hiyohiyo! Sidai kwamba shairi lilileta fizikia. Russell alikuwa na milinganyo yake. Ila najua vitu unavyosomewa utotoni vinakaa mahali.

Klistroni iliingia kwenye rada wakati wa vita vya pili. Mwaka 1948 ndugu hao na wenzao wakaanzisha Varian Associates, kampuni iliyokuja kuwa mpangaji wa kwanza wa eneo la viwanda la Stanford, kabla mtu hajatamka maneno Silicon Valley. Mawimbi yale mafupi yakatumika kusukuma elektroni hadi mwendo unaokaribia wa mwanga, na elektroni hizo zikigonga kipande cha chuma zinatoa eksirei kali ambazo unaweza kuzilenga kwenye uvimbe. Hapo ndipo tulipofika kwenye mlango wangu mzito. Mashine nyingine za namna hii hutumia klistroni, nyingine hutumia bomba jingine liitwalo magnetroni. Ile inayoitwa Halcyon ilitoka mwaka 2017, na tangu 2021 kampuni ni mali ya Siemens Healthineers. Halcyon ni neno la kawaida la Kiingereza la siku za utulivu, kwa hiyo jina hilo pekee silifanyi ushahidi wa lolote. Jina Varian ndilo lililonileta hapa.

Siku ya 15 Mama alitoka akiwa na ngozi nyekundu chini ya shingo na tabasamu. Nilikuwa na vifaa masikioni. Akakaa kando yangu.

"Wasikiliza nini, baba?"

Nikampa sikio moja. Banshee sikuthubutu, nilimwekea The Tides of Manaunaun. Akasikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha, kama anavyosikiliza kwaya ya kanisani wanapokosea.

"Wimbo ni mzuri," akasema. "Lakini huyo wa chini, analala juu ya piano?"

Nikamwambia ni mkono, anabonyeza kwa mkono wote. Ni bahari.

"Ahaa." Akanirudishia. "Basi twende, matatu zitajaa."